Ujira wa Mlinzi Usiitwe Msaada

Mtu akiweka mlinzi mlangoni kwake humlipa ujira mwisho wa mwezi. Hamwambii mlinzi yule kwamba amemsaidia kuendelea, wala haendi sokoni kujisifu kuwa yeye ni mfadhili wa maskini. Mlinzi amefanya kazi, naye amelipwa, maneno yamekwisha. Lakini katika dunia ya leo wapo matajiri waliobuni hesabu nyingine. Wameona kwamba mlango wa nyumba yao ya Ulaya waweza kulindwa kutoka mbali, huku Afrika, na kwamba ujira wa mlinzi huyo waweza kuandikwa katika daftari la misaada ya maendeleo. Hiyo ndiyo habari tunayotaka kuizungumza leo sisi wa Bugene, kwa kuwa sisi ni watu wa mpakani, na mambo ya mpaka hatuyajui kwa kusimuliwa.

Bugene ipo Karagwe, mkoa wa Kagera. Ukishika njia ya magharibi utaukuta Mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Rwanda. Ukienda kaskazini utaingia wilaya ya Kyerwa, iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, hata ufike Murongo, ambako ukivuka mto uko Kikagati ya Uganda. Ukifuata barabara ya lami mpaka Kyaka, kisha ukaelekea kaskazini, utafika Mutukula. Ukienda kusini mpaka wilaya ya Ngara utafika Rusumo. Kwa hiyo pande tatu kati ya nne za safari zetu huishia kwenye kizuizi cha askari. Mnyambo wa Murongo na Mnyankole wa Kikagati husikilizana pasipo mkalimani, huoana, na husaidiana kuzika. Mtu wa namna hii akiambiwa kuwa nchi fulani ya mbali imetoa fedha "kuimarisha mpaka" kwa ajili ya maendeleo yake, ana haki ya kuuliza: maendeleo ya nani?

MPAKA NI WETU, HATA KAMA HATUKUUCHORA

Tuanze kwa kusema wazi, asije mtu akatusingizia. Hatusemi mpaka uachwe bila mlinzi. Nchi isiyolinda mpaka wake si nchi.

Ni kweli kwamba mstari huu hatukuuchora sisi. Mwaka 1861 wazungu Speke na Grant walipofika Karagwe, ruhusa ya kukaa na ya kusonga mbele waliipata Bweranyange kwa Mukama Rumanyika, wala hawakuipata London. Baadaye wakaja waliojipa kazi ya kugawa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walikatiana nchi ambayo Mjerumani alinyang'anywa. Eneo la Gisaka, ng'ambo ya Kagera, likapewa Mwingereza kwanza kwa sababu ya reli aliyokuwa akiiota, kisha baada ya miaka michache likarudishwa kwa Mbelgiji, na mto ukawa mpaka. Hakuna aliyemwuliza Mnyambo, na Mnyarwanda hakuulizwa pia.

Lakini mwaka 1964 wakuu wa Afrika walipokutana Cairo walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyokutwa siku ya uhuru, maana kuichora upya kungeleta vita isiyokwisha. Tangu hapo mpaka huu ni wetu. Na tumeulipia. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka na kuiteka nchi ya kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Wananchi walitoa ng'ombe, nafaka na magari. Vijana walitoa maisha. Gharama ya vita ile hukadiriwa kufika dola milioni 500, nayo nchi yetu iliibeba karibu peke yake. Mpaka ulipovunjwa kweli kweli, hapakutokea mfadhili wa kuleta mpango wa kuuimarisha. Hilo tulikumbuke kila tuletewapo mpango mpya wa namna hiyo.

DAFTARI LAO NA SHERIA YAKE

Sasa tutazame hilo daftari. Nchi tajiri zina chama chao kiitwacho OECD, na ndani yake kuna Kamati ya Misaada ya Maendeleo. Kamati hiyo ndiyo iliyoweka maana ya msaada rasmi wa maendeleo mwaka 1969, na mwaka 1972 ikaikaza. Maana yenyewe si ngumu: fedha zihesabiwe kuwa msaada ikiwa lengo lake kuu ni kukuza uchumi na hali njema ya watu wa nchi zinazoendelea, na ziwe zimetolewa kwa masharti nafuu. Umoja wa Mataifa nao ulizitaka nchi tajiri mwaka 1970 zitoe asilimia 0.7 ya pato lao. Hata mwaka 2024 zilizofikisha kiasi hicho ni nne tu: Norway, Sweden, Denmark na Luxembourg.

Tena kamati hiyohiyo imeandika mambo yasiyoruhusiwa kuingia katika hesabu. Kazi za kupambana na ugaidi kwa jumla hazihesabiwi, kwa sababu humlinda mtoaji sawasawa na mpokeaji. Na mwaka 2018, ilipotenga fungu la kuhesabia misaada ya mambo ya uhamaji, ilisema kwamba shughuli ambazo kwanza kabisa zinatafuta faida ya mtoaji zisiingizwe humo. Basi sheria ipo, na imeandikwa na mikono yao wenyewe. Sisi hatuwaombi wazitii sheria za Bugene. Twawaomba wazitii za kwao.

Lakini njaa ya kuonekana mkarimu ni kubwa. Novemba 2015 wakuu wa Ulaya na wa Afrika walikutana Valletta, mji mkuu wa Malta, na hapo ukaanzishwa Mfuko wa Dharura wa Ulaya kwa Afrika. Mwisho wake ulizidi yuro bilioni 5. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwa mpya. Ilichotwa katika Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya, ambao kazi yake ilikuwa barabara, maji, shule na kilimo katika nchi zetu. Kilichowasukuma wakutane kilikuwa nini? Je, ukame? Je, bei ya kahawa? La. Ni mashua zilizokuwa zikifika pwani za Italia na Ugiriki. Nchi yetu na Uganda ziliandikwa katika fungu la Pembe ya Afrika la mfuko huo, ingawa sisi wa Karagwe hatukujua kama tunakaa katika pembe yoyote. Hatusemi kila shilingi ya mfuko ule ilikwenda kwa askari. Nyingine zilisaidia wakimbizi na vijana wasio na kazi. Twasema kwamba chungu kilikuwa kimoja, na aliyekuwa akipakua alikuwa na jicho moja katika bahari ya Mediterania. Wakaguzi wa hesabu wa Ulaya wenyewe, mwaka 2018 na tena mwaka 2024, waliandika kwamba mfuko huo ulikosa shabaha iliyo wazi.

Na hesabu hiyo haikuisha na mfuko ule. Katika bajeti ya Ulaya ya mambo ya nje ya miaka 2021 hadi 2027, yuro bilioni 79.5, ilipangwa kwamba kiasi cha asilimia 10 kielekezwe kwenye mambo ya uhamaji. Fedha za bajeti hiyo karibu zote zatakiwa zihesabike kuwa msaada wa maendeleo. Hapo ndipo mlinzi aingiapo kwa mlango wa mkulima.

MASWALI MATATU YA MKULIMA

Mwananchi wa kawaida afanyeje ili ajue fedha gani ni msaada na zipi ni ujira? Haihitaji elimu ya chuo kikuu. Aulize maswali matatu. Kwanza, nani aliyeomba: ni sisi tuliopeleka shida yetu, au ni wao walioleta shida yao? Pili, kazi ikiisha, nani atakayepona maumivu yake? Tatu, ile hofu ya mtoaji ikitoweka kesho, je, fedha zitaendelea kuja? Msaada wa kweli hufuata shida ya mpokeaji. Ujira hufuata hofu ya mwenye nyumba.

Tuyajaribu maswali haya hapa hapa kwetu. Rusumo palijengwa daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani kwa msaada wa Japani, vikafunguliwa rasmi Aprili 2016. Mutukula kulijengwa kituo cha pamoja cha namna hiyo kwa fedha za Kanada na Uingereza, nacho kikafunguliwa Novemba 2017 na marais wetu wawili. Hapo dereva wa lori hukaguliwa mara moja mahali palipokuwa na kukaguliwa mara mbili. Mafuta ya lori hupungua, ndizi haziozi njiani, na mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 huvuka kwa cheti chepesi bila ushuru wa forodha. Hizi nazo ni fedha za mpaka. Lakini ni fedha za kufungua mlango, na aliyekuwa akiumia mlango ulipokuwa mgumu ni sisi. Hizi twaziita msaada bila kusita, na kwa hizi twashukuru.

Tuchukue na jambo la maradhi. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika wilaya ya Bukoba. Watu 9 walihesabiwa kuupata na 6 wakafa. Januari 2025 ukatokea tena, safari hii Biharamulo. Uganda walikuwa na Ebola mwaka 2022 na tena mwaka 2025. Mtu akituletea vipima joto, glavu na mafunzo ya wauguzi wa mpakani, hatutamwuliza sana moyo wake ulikuwa ukifikiri nini. Huenda naye aogopa ugonjwa usipande ndege umfikie. Lakini wa kwanza kufa ni mtu wa Kagera, na wa kwanza kuokoka ni yeye. Huo ni msaada.

Jambo la tatu lina sura mbili. Agosti 7, 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi. Dar es Salaam walikufa watu 11, na Nairobi zaidi ya 200, wengi wao Waafrika waliokuwa katika shughuli zao. Mwaka 2003 Marekani ilitangaza dola milioni 100 za mpango wa Afrika Mashariki wa kupambana na ugaidi, na ulinzi wa mipaka ulikuwamo. Adui yule alitupiga wote, na kushirikiana kulikuwa halali. Lakini ushirikiano huo una jina lake, nalo ni usalama. Sheria ya kamati yao yasema hivyo, na sisi twasema hivyo.

Sasa tulete ule mradi wa nne: ule unaotaka askari wa Afrika amzuie Mwafrika asisogee kuelekea kaskazini. Nani aliomba? Si kijiji chochote tukijuacho. Nani anapona? Waziri wa Ulaya aogopaye uchaguzi. Hofu yake ikiisha fedha zitakuja? Hapana. Mradi huu umeshindwa maswali yote matatu. Na atakaye kuona matunda yake atazame Niger. Mwaka 2015 nchi ile ilitunga sheria ya kuwaadhibu wanaosafirisha wahamiaji, na fedha za Ulaya zikafuata. Agadez ni mji wa misafara tangu kale. Madereva, wenye nyumba za kulala na wauza maji wakapoteza riziki, na wasafiri wakaingia katika njia za jangwani zenye hatari zaidi. Novemba 2023 sheria hiyo ikafutwa. Au mtu atazame Libya, ambako mwaka 2017 mfuko uleule wa Valletta ulitoa yuro milioni 46 kwa mpango wa mipaka ulioimarisha walinzi wa pwani, na wale waliokamatwa baharini wakawa wanarudishwa katika mahabusi ambayo dunia nzima imeyasikia. Kama hayo ndiyo maendeleo, basi na pingu ni bangili.

KAHAWA YATUFUNDISHA

Watu wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji kwenda Agadez kujifunza. Kahawa yetu yatosha. Kwa miaka mingi kahawa ya wilaya hizi imekuwa ikivushwa usiku kwenda Uganda kwa njia za panya. Askari wamewekwa, baiskeli na pikipiki zimekamatwa, magunia yametaifishwa. Je, magendo yamekwisha? Kila mkulima ajua jibu. Bei ya ng'ambo ikipanda, na malipo ya huku yakichelewa, kahawa huondoka. Bei ya huku ikiwa nzuri na fedha zikitolewa papo hapo, kahawa hulala nyumbani bila kulindwa na mtu. Na yule maskini anayeuza butura, yaani kahawa ikiwa bado ua juu ya mti, hauzi kwa sababu mpaka ni dhaifu. Auza kwa sababu mtoto ana homa leo na msimu bado uko mbali.

Mtu naye ni kama kahawa hiyo. Kijana hatoki kwao kwa sababu askari wa mpakani alisinzia. Hutoka kwa sababu shamba limekatwakatwa mpaka halitoshi, au kazi haionekani. Mwenye nia ya kweli ya kupunguza safari hizo angeanza na bei ya kahawa: anunue iliyokaangwa na kufungwa Kagera, asichukue mbichi kwa bei ya chini kisha atuuzie hisani. Fedha inayowekwa katika kiwanda cha kukoboa na kukaanga ni maendeleo. Fedha inayowekwa katika uzio ili aliyekosa kiwanda asitoke, hiyo ni gharama ya kukwepa maendeleo.

NANI ALIYEANDIKA DENI LA KARAGWE?

Lipo jambo moja linalotuuma kuliko yote. Sheria za kamati ya nchi tajiri, tangu mwaka 1988, zimeruhusu gharama ya kumtunza mkimbizi ndani ya nchi tajiri yenyewe kwa miezi 12 ya kwanza ihesabiwe kuwa msaada kwa nchi maskini. Mwaka 2022 Uingereza iliandika pauni bilioni 3.7 za namna hiyo, ambazo zilikuwa kama asilimia 29 ya msaada wake wote. Yaani fedha ililala katika hoteli za Uingereza, ikanunua chakula cha Uingereza, ikalipa wafanyakazi wa Uingereza, kisha ikasemwa kuwa ni msaada uliotolewa kwa watu kama sisi.

Hatuwaonei kijicho wakimbizi wale. Mtu aliyekimbia vita astahili kitanda. Lakini tuulize na sisi. Mwisho wa Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, kiasi cha watu 250,000 walivuka Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Kabla mwaka haujaisha mkoa wa Kagera ulikuwa na wakimbizi zaidi ya nusu milioni. Karagwe ilikuwa na makambi yake: Chabalisa, Kagenyi na mengineyo. Walikaa mpaka Desemba 1996. Mashirika ya dunia yalileta chakula na mahema, na hilo hatulifichi. Lakini miti ya vilima vyetu iliyokatwa kuwa kuni, visima vilivyokauka, migomba iliyovunwa na asiyeipanda, barabara zilizokatika kwa malori, na zahanati zilizofurika: hayo yote yaliandikwa katika daftari gani? Hapakuwa na kamati ya kuhesabu kwamba mkulima wa Karagwe ametoa msaada wa maendeleo. Mwenyeji wa London akimpa mkimbizi kitanda ni mfadhili wa Afrika. Mwenyeji wa Karagwe akimpa kuni na maji ni mpokeaji wa misaada. Hesabu ya namna hii hata mtoto wa shule ya msingi angepigiwa kosa.

Na hesabu hiyo inaumiza sasa kuliko zamani, kwa sababu chungu chenyewe kinapungua. Mwaka 2024 misaada ya nchi tajiri ilishuka kwa karibu asilimia 7, baada ya miaka 5 ya kupanda. Uingereza ilitangaza Februari 2025 kwamba itashusha msaada wake kutoka asilimia 0.5 ya pato hadi 0.3 ifikapo 2027 ili inunue silaha zaidi. Marekani ilisimamisha misaada yake Januari 2025, na Julai 1 ya mwaka huo shirika lake la USAID likafungwa. Mkoa wetu ndio ulikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini, mwaka 1983. Tunajua dawa maana yake nini. Chungu kikiwa kidogo, kila kijiko anachopewa mlinzi kimetoka mdomoni mwa mgonjwa. Ndiyo maana jina si jambo dogo. Ujira ukiitwa msaada, dawa itakapokosekana tutaambiwa: "Lakini mwaka huu tumewapa msaada mwingi."

WANAOSEMA FEDHA NI FEDHA

Wapo ndugu zetu watakaosema: "Fedha ni fedha. Gari la doria litakalomzuia mhamiaji ndilo litakalomkamata mwizi wa ng'ombe. Chukueni, mnyamaze." Hoja hii ina uzito, hasa kwa watu wa huku, walioibiwa ng'ombe na kuvamiwa njiani. Tunawajibu hivi. Gari likija, mafuta yake yatanunuliwa na nani mradi ukiisha? Posho ya askari ikitoka nje, askari atamsikiliza nani amri mbili zikigongana? Mwenye kulipa doria ndiye atakayesema doria iende wapi, na hatutegemei kwamba ataipeleka kwenye zizi la ng'ombe wa Kyerwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri.

Tena ulinzi mkali peke yake si haki. Mwaka 2013 ilifanyika Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma kuwaondoa walioishi nchini bila kibali. Wahalifu walikamatwa, na silaha zilipatikana. Lakini waliondoka pia watu walioishi hapa miaka mingi, waliooa na kuolewa, na nyumba zikagawanyika, mama huku na watoto kule. Ile ilikuwa amri ya serikali yetu, na kwa sababu ni yetu mwananchi aliweza kuuliza, mbunge aliweza kusema, na magazeti yaliandika. Siku kazi ya namna hiyo itakapofanywa kwa fedha na kwa shabaha ya nchi nyingine, mama yule aliyetengwa na watoto wake ataenda kuuliza katika bunge gani?

Wengine watasema nchi maskini haina nguvu ya kuchagua. Historia yetu yawakanusha. Mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi ilitumia msaada wake kama fimbo kwa sababu ya uhusiano wetu na Ujerumani ya Mashariki. Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue msaada wote waende nao. Desemba ya mwaka uohuo tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Tulikuwa maskini kuliko leo, na hatukufa. Leo tuna mfano mdogo ulio mbele ya macho yetu: barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene, karibu kilomita 59, ilijengwa kwa fedha za bajeti ya nchi yetu. Taifa linaloweza kutandika lami hiyo laweza kumlipa askari wake wa Uhamiaji.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo sisi wa Bugene twataka mambo manne, na twayasema kwa lugha nyepesi.

La kwanza, serikali yetu iweke madaftari mawili. Katika moja iandike misaada ya maendeleo. Katika la pili iandike fedha zilizotolewa kwa ajili ya usalama na matakwa ya nchi nyingine. Mtoaji akiandika kwake kwamba uzio ni maendeleo, kwetu usomeke kuwa ni uzio.

La pili, mikataba yote ya fedha za mpakani isomwe Bungeni, na madiwani wa Karagwe na Kyerwa waelezwe yahusuyo wilaya zao kabla gari la kwanza halijashushwa. Mtu asilindiwe mlango wake kwa siri.

La tatu, alama za vidole na picha za watu wetu zibaki kwetu. Tangu mwaka 2009 Moshi kuna kituo cha Shirika la Kimataifa la Uhamaji, IOM, kinachofundisha maofisa wa mipaka kutoka nchi nyingi za Afrika, na shirika hilo lina mtambo wa kompyuta wa kuandikisha wapitao mipakani. Shirika lasema kumbukumbu hizo ni mali ya serikali ya nchi husika. Vema. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Itumike mpakani kama itumikavyo benki, ili mama mwenye tenga la ndizi asijikute katika kumbukumbu za polisi wa Ulaya.

La nne, njia za Afrika Mashariki zibaki wazi. Soko la Pamoja lilianza Julai 1, 2010, na haki ya ndugu kuvuka kwa ndugu imo ndani yake. Fedha yoyote inayotutaka tufunge mlango wa Murongo ili mtu wa mbali alale usingizi, hiyo irudishwe ilikotoka, hata kama imefungwa katika karatasi nzuri.

Wenzetu wa Ulaya wana haki ya kulinda nyumba zao, na wakitaka tushirikiane nao katika ulinzi, waje tuzungumze bei kama wanunuzi wengine. Tutapima kazi, tutapima hasara itakayotupata, na tutakubali au tutakataa. Lakini watakapoketi kuhesabu walichotoa kwa ajili ya mkulima wa Bugene, waandike kilichofika shambani, zahanati na shuleni. Kilichobaki mlangoni pao wakiandike kwa jina lake: ujira wa mlinzi.